Mwaka Tuliojifunza Kungoja Ugali

Mwezi uliopita tulimzika mume wangu, Ndahani, mzee ambaye hata mwenyewe alikuwa ameacha kuihesabu miaka yake. Hakuumwa sana. Alififia kidogo kidogo, kama moto wa kinyesi cha ng'ombe, na asubuhi ya mwisho alikunywa uji kikombe kizima, akanirudishia kikombe, akajilaza. Siku ya tatu ya matanga mjukuu wetu, ambaye ni muuguzi, alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka, akaanza kuniuliza babu yake alikuwa akila nini maishani mwake, alikulaje, kama alivuta tumbaku, kama alipenda pombe. Nilidhani ni majonzi yanamsemesha. Kumbe wodini kwao wamelazwa wazee wa nchi yetu hii kavu wenye saratani ya koo, watu wasioweza kumeza hata mate, na madaktari wameanza kuwauliza kama walizoea kula na kunywa vitu vya moto sana. Aliposema hivyo nikacheka, pale pale matangani, mpaka wanawake wakageuka kunitazama. Sikucheka kwa dharau. Jambo hilo niliambiwa jikoni nikiwa bado na mafuta ya harusi kichwani, na mwanamke asiyejua hata herufi moja, mwaka ule Wadachi walipokuwa wakiivuta reli kupita katika nchi ya Wagogo.

Habari za ng'ombe wa mahari na za nani alimzaa nani naziacha. Inatosha kusema kwamba baada ya mavuno Ndahani aliandikishwa kazi ya kujenga tuta la reli, nami nikamfuata kambini, mwendo wa asubuhi moja kutoka Dodoma, ambayo wakati ule ilikuwa boma, maduka machache na vumbi jingi. Tulipewa kibanda cha nyasi ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Mimi nikapangiwa jikoni. Jiko lilikuwa banda refu, wazi upande mmoja, lenye meko matano yaliyopangwa kama ng'ombe zizini, na juu ya kila moja chungu ambacho mtoto angeweza kuogea. Mwenye jiko alikuwa Mama Hawa, mjane wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa, mwembamba, mwenye shuka jeusi na tasbihi aliyoifunga kiunoni ili isiingie kwenye uji. Kiswahili changu kilikuwa bado kinachechemea, chake kilikuwa kinakimbia, tukakutana katikati. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kusonga ugali wa uwele wa watu arobaini. Nikasema najua wa watu sita. Akasema basi nisonge wa watu sita mara saba, na utakaozidi ataula yeye.

Lazima nieleze jinsi watu walivyokuwa wakila, maana mambo yote yalitoka hapo. Msimamizi, Mdachi mmoja mwenye shingo nyekundu, alikuwa amening'iniza kipande cha chuma cha reli kwenye mti. Kikigongwa mara moja, watu waketi kula. Kikigongwa tena, wasimame, na atakayebaki ameketi akutane na kiboko. Kati ya mlio na mlio muda ulikuwa mfupi sana, hautoshi hata maji ya chungu kidogo kuchemka. Na maji yenyewe yalichimbwa kwenye mchanga wa korongo la mbali, yakafika jikoni jua limeshapanda, kwa hiyo ugali uliepuliwa chuma kikiwa kinalia. Uliwafikia watu ukiwa bado unapumua. Aliyengoja upoe alirudi kwenye sururu na njaa yake. Aliyeweza kuumeza ukiwa hivyo hivyo alishiba. Ndivyo ilivyoanza, kwa shida tu. Lakini watu hawakai na shida muda mrefu bila kuitafutia sifa, na nilipofika kambini kula moto kulikuwa kumeshageuka heshima. Kila kikundi cha watu arobaini kilikuwa na kiongozi wake, na kiongozi ndiye aliyemega tonge la kwanza. Kabla hajameza, hakuna mkono mwingine ulioingia chunguni. Kwa hiyo kikundi chenye kiongozi mwenye koo la chuma kilishiba, na chenye kiongozi wa kupulizapuliza kilikufa njaa. Kupuliza chakula kulikuwa aibu. Anayepuliza aliambiwa aende korongoni akachote maji na wanawake.

Kiongozi wa kikundi cha mume wangu aliitwa Chilewa. Sijaona tena mtu wa namna ile. Alikuwa mrefu, ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuning'inia mpaka karibu na mabega, na alipokaa mbele ya chungu, kambi nzima ilikuwa ikimwangalia. Alikuwa akimega tonge kubwa kama yai la kanga, linafuka, akilichovya kwenye mlenda unaotokota, akilitupa kinywani, na uso wake haubadiliki hata kidogo. Halafu alisema tu, kuleni wanangu, na mikono arobaini ikashuka. Alifanya hivyo kwa ajili yao. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu, hata baadaye. Hakuna siku kikundi chake kilisimama na njaa. Ndahani alimwangalia kama vijana wanavyomwangalia fahali wa kijiji, na mimi, nakiri, nilimwangalia Ndahani anavyomwangalia, nikaona fahari.

Mama Hawa hakuangalia watu wakila. Yeye aliangalia vyombo. Kabla hatujavisugua kwa mchanga, alivipitia kimoja kimoja kama mfugaji anavyotazama kinyesi cha ndama, akajua nani ana homa, nani ana mawazo, nani anagombana na mwenzake. Siku moja akaniita, akaninyooshea kidole kwenye ungo wa kikundi cha Chilewa. Chini ya ukingo palikuwa na nyama iliyotafunwa ikatafunwa, nyuzi tupu, imefichwa kwa kidole. Kibuyu cha maji cha kiongozi kilikuwa kikavu, wakati vya wengine vilikuwa nusu. "Huyu bwana anasukuma chakula kwa maji," akasema. Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja, akanisimulia.

Kwao Kondoa mume wake alikuwa mtu wa uji wa alfajiri, na uji huo aliutaka utoke chunguni uende kooni bila kupita mahali pengine. Baba mkwe wake alikuwa hivyo hivyo. Wote wawili walianza kwa kuacha nyama, wakaacha ugali, wakaacha uji, mwisho maji. Alipoanza kuwa mjane alikuwa na usiku mwingi wa kufikiri, akazipitia nyumba za milimani moja moja, siyo kwa majina ya watu bali kwa mafiga yao: hawa wanakulaje, hawa wanakunywaje, nani wao alikufa kwa koo. Nyumbani kwa dada yake, ambako uji ulimiminwa kwenye kata na kuchanganywa na maziwa ya baridi, hapakuwa na hata mmoja. Nyumba za wanywa moto zilikuwa na mmoja, wawili, na moja ilikuwa na watatu. Nilimwuliza kama basi kila anywaye moto hufa hivyo. Alitikisa kichwa haraka, karibu kwa hasira. Akasema jirani yao wa bondeni alikunywa moto mpaka meno yakamwisha na akafa kwa kuanguka mtini akifuata mzinga wa nyuki. Akasema pia wale waliokufa wengi walikuwa watu wa ugoro na pombe, na watu waliokula ugali na chumvi miezi mizima bila jani la mboga, kwa hiyo hajui ni kipi kilichowaua, au ni vyote vimeshikana mikono. Ndiyo maana katika jiko lake, posho ya nyama ije isije, majani ya kunde yaliyokaushwa hayakukosekana, na karanga zilizoota ukungu alizitupa mbali hata kama Mdachi alimfokea. Leo namsikiliza mjukuu wangu akieleza, kwa maneno mazuri ya shuleni, kwamba mazoea ya kula huongeza hatari ya saratani lakini hayaamui, kwamba mtu mmoja hunusurika na mwingine hanusuriki, na najiuliza yule mama aliwezaje kufika karibu hivyo akiwa na nyumba chache tu za kuhesabia na kilio chake mwenyewe kikimziba macho.

Jumapili iliyofuata, siku ya mapumziko, nilikuwa nyuma ya kizuizi cha matete nikipepeta uwele, Chilewa akaingia jikoni. Sikutoka. Nilipaswa kutoka. Alimsalimia Mama Hawa kwa Kigogo, mbukwa, naye akamjibu kwa salamu ya kwao, kisha Chilewa akasema anaomba atengenezewe uji, mwepesi. Mama Hawa akauliza tangu lini.

"Tangu mvua zilipokatika."

"Nyama inapita?"

"Nyama niliiaga zamani. Sasa hata ugali unasimama hapa." Nilisikia kidole chake kikigonga mfupa wa kifua. "Una dawa, dada?"

"Sina. Ningekuwa nayo, ningekuwa na mume."

Chilewa akacheka, cheko fupi lililoishia kwenye kikohozi. Akamwomba asiseme kwa vijana. Mama Hawa akamwambia kwamba vijana watajua hata asiposema, kwa sababu mkanda wake umeshasogea matundu mawili. Akampa uji uliopoa, wenye maziwa, na nilisikia jinsi alivyounywa: mafunda madogo madogo, na baada ya kila funda pumziko refu, kama mtu anayeteremka mlima kwa miguu yenye vidonda.

Vijana walijua. Haikuchukua wiki mbili wakaanza kunong'ona kwamba mzee amekwisha, na kwamba kikundi kitahitaji mtu mwingine. Kwa desturi ya kambi, kiongozi mpya hupatikana Jumapili mbele ya watu wote: chungu kinaepuliwa hapo hapo, kiongozi wa zamani anamega tonge, anamkabidhi anayetaka nafasi, naye analimeza palepale bila kupuliza na bila kukunja uso. Ndahani aliitaka nafasi hiyo. Alianza kujizoeza kibandani kwetu. Kila jioni alinitaka nimtilie uji ukiwa bado unachemka, akaunywa akiwa amefumba macho, machozi yakimtoka pembeni, na akimaliza ananiuliza kama uso wake umebadilika. Ulimi wake ukawa mweupe kama ngozi iliyopakwa majivu. Ikafika siku nikasahau chumvi kwenye mboga, naye asijue. Nilipomwambia niliyoyasikia kwa Mama Hawa, alicheka, akaniuliza kama nimeolewa naye au nimeolewa na Mama Baridi. Ndilo jina wanaume walilompa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimemwaga machozi yangu yote jikoni kabla Mama Hawa hajakubali kuja kibandani kwetu. Alikaa mlangoni, hakuingia, kwa sababu ya adabu. Alimweleza Ndahani kila kitu alichonieleza, hata yule jirani wa mzinga wa nyuki, hakumficha. Kisha akasema: "Labda nimekosea, mwanangu. Nikiwa nimekosea, utakuwa umekula ugali uliopoa miaka yako yote, basi. Ila sipendi kuwa sahihi juu ya kaburi la mtu kwa mara ya tatu."

Ndahani hakuwa mtu wa kumkosea adabu mama wa mtu. Alitazama chini, akajibu polepole. "Mama, nakuheshimu. Lakini wewe unasema tungoje, na chuma hakingoji. Nikingoja mimi, wanaume arobaini wanarudi kwenye tuta na matumbo matupu. Utawapa nini?"

Nilitegemea Mama Hawa angekasirika. Badala yake, katika mwanga wa jioni nilimwona akifikiri, midomo yake ikitembea. Alikuwa ameliangalia jambo hili kutoka upande wa koo kwa miaka mingi, na kijana alikuwa amemwonyesha upande wa tumbo. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema kwamba Ndahani amesema kweli, na kwamba basi shida siyo moto wala wanaume, shida ni maji. Nadhani hapo ndipo nilipompenda kweli. Watu wengi wenye jambo la kweli mkononi hawawezi kuvumilia kuambiwa kwamba bado halijatimia.

Kuanzia siku ile tulikwenda korongoni kabla ya wabeba maji, nyota zikiwa bado juu. Tulichimba mchanga kwa mikono mpaka viwiko, tukingoja maji yajikusanye, tukayachota kwa kata ya kibuyu, chungu kwa chungu, wanawake watano, Mama Hawa akiwa mbele ingawa hakuwa kijana. Ugali ukaepuliwa mapema, ukakaa kabla ya chuma kulia. Siku ya kwanza ulikuwa kama tofali. Uwele ukipoa hukauka, kila mke wa Kigogo anajua hilo, na wanaume waliuinua wakaugonga kwenye mawe ili tusikie. Mnyamwezi mmoja mcheshi, ambaye midomo yake haikujua kupumzika, akauliza marehemu ni nani, maana ameona wazi kwamba hiki ni chakula cha matanga. Mama Hawa akamjibu kwamba bado hajachaguliwa, ila yeye akiendelea kupiga kelele atafikiriwa. Siku ya pili alisonga mlaini zaidi. Siku ya tatu aliutia maziwa ya mgando, akaufinyanga madonge madogo, akayafunika kwa majani mabichi na gunia lenye unyevunyevu, na ukawa mtamu kuliko ulivyokuwa wa moto, ingawa hakuna aliyekubali kusema. Vikundi viwili vikaanza kula hivyo, kwa sababu viongozi wao walikuwa wapulizaji na hawakuwa na cha kupoteza. Kikundi cha Chilewa kilikataa. Hao walikuwa watu wa moto, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Ilipofika, watu wa vikundi vyote walikaa duara. Desturi ilitaka chungu cha kuchemka, na Mama Hawa alikipika mwenyewe, akakiepua mwenyewe, nami kwa kitambo kile nilimchukia. Ndahani alipiga goti mbele, amevua shuka begani. Chilewa alikuja akitembea taratibu, mikono yake mirefu ikiwa imebaki mifupa. Akaketi. Akamega tonge kubwa, lile la yai la kanga, linafuka, akaliweka katika kiganja chake. Tukangoja alitoe.

Hakulitoa. Alilishika. Mvuke ukapanda kupita usoni pake, ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Mtu mmoja nyuma alisema kwa heshima, mzee, mpe kijana, naye hakugeuka. Tulisikia ng'ombe wa mbali. Nilimtazama Mama Hawa, naye alikuwa amesimama ameshika mwiko, kinywa wazi kidogo. Hakuwa amemwambia afanye hivyo. Kisha Chilewa akalikata tonge vipande viwili, akatia kimoja kinywani mwake mwenyewe. Alitafuna muda mrefu. Alijaribu kumeza, mishipa ya shingo ikasimama, akajaribu tena, halafu, mbele ya wanaume wote waliomwita koo la chuma, akakitoa kipande kile kwa vidole viwili akakiweka juu ya goti lake. Hakugeuka pembeni kujificha.

Sauti yake ilikuwa imebaki upepo. "Mmeona. Huyu dada anadhani ni moto. Mimi sijui. Ila ninyi mlijifunza kula moto kwangu, na mimi sikuwa najua ninachowafundisha." Akamnyooshea Ndahani kipande cha pili. "Wewe kula kilichopoa. Atakayekucheka, aanze na mimi."

Nilihesabu pumzi zangu. Mume wangu alikuwa ameuchoma ulimi wake majuma mengi kwa ajili ya siku hii, na sasa alikuwa anapewa nafasi ile bila kile alichojiandalia, kama mtu aliyenoa mkuki akakabidhiwa jembe. Angeweza kusimama. Angeweza kuingiza mkono chunguni mwenyewe, na vijana wangemshangilia. Alikitazama kile kipande kilicholowa juu ya goti la mzee. Kisha akakipokea kile cha pili kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa baba yake, akatafuna polepole, akameza. Hakuna aliyecheka. Yule Mnyamwezi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba basi na yeye atangoja, na watu wakakaa kukizunguka chungu kile mpaka kikapoa, wakizungumza.

Kikundi cha Ndahani hakikula moto tena. Baada ya miezi michache reli ilisonga kuelekea Tabora, na jiko likasonga nayo. Mama Hawa aliondoka nalo juu ya gari la kubebea mataruma ya kulazia reli, ameketi katikati ya vyungu vyake, akituamuru kwa mkono tusikimbie nyuma yake kwenye vumbi. Sikumwona tena. Silijui kaburi lake, wala sijui kama mahali pengine palikuwa na msichana mwingine aliyemsikiliza. Nilimsimulia mjukuu wangu haya yote pale mkekani, akayaandika kwenye daftari lake la hospitali, na aliponiuliza jina la ukoo la huyo mama sikulijua, nikaona aibu.

Chilewa hakuweza kusafiri. Sisi tulibaki naye Dodoma, kwa sababu Ndahani aliomba abaki na watu wa kukarabati tuta. Kila jioni, akitoka kazini na udongo ukiwa bado kwenye nyusi, mume wangu alichukua kibuyu cha uji wa maziwa, akajidondoshea tone moja nyuma ya mkono, akasikiliza ngozi yake, na kama lilikuwa na joto lolote alikaa nje ya mlango wa mzee akingoja. Halafu aliingia, akamnyanyua kichwa kwa mkono mmoja, akamnywesha kwa kata ndogo. Mimi nilisimama kizingitini nikiwatazama. Funda lilikwenda au halikwenda, na kila mara mzee alipojitahidi, niliona koo la Ndahani nalo likipanda na kushuka, kavu, bila kitu, likijaribu kumsaidia.